Barua ya askari ilipita mikono mingapi kabla ya kufika Ngamiani?

Mtu anayeifungua leo barua ya babu aliyekuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki), iliyoandikwa mwaka 1944 na kutunzwa sandukuni huko Ngamiani au Chumbageni, mitaa ya Tanga, kwa kawaida huanza na matarajio makubwa. Anataka mizinga, misitu ya Burma (Myanmar ya leo), Wajapani. Anachokuta ni salamu kwa ukoo mzima, swali kuhusu minazi, na taarifa kwamba huku mvua ni nyingi. Anaikunja akiwa na hukumu moja kati ya mbili: ama mzee hakuwa mtu wa maneno, ama Waingereza walimziba mdomo.

Hukumu zote mbili zina ukweli kidogo, ila hazifiki kwenye jambo lenyewe. Barua ya askari aliye vitani haikuwa faragha ya watu wawili. Tangu ilipotamkwa kambini hadi iliposomwa barazani Tanga, ilipita kwa mwandishi, kwa afisa, kwa watu wa posta, pengine kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, na mwisho kwa kijana wa shule aliyeitwa aje aisome kwa sauti. Askari alilijua hilo kabla hajatamka neno la kwanza. Kumwelewa yeye ni lazima kwanza uwajue hao wote waliokuwa wakimsikiliza, maana wengine walimnyamazisha, lakini wengine aliwataka wasikie.

Kwa nini barua zilisomwa na wakubwa

Sisi watu wa Tanga hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 2 Novemba 1914, mwanzoni mwa vita vya kwanza vya dunia, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, meli za Waingereza zilitokea mbele ya bandari yetu zikiwa na askari wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Shabaha ilikuwa kuuchukua mji kwa haraka kabla Wajerumani hawajajipanga. Lakini Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alieleza baadaye katika kumbukumbu zake kwamba barua na magazeti ya Kiingereza yaliyonaswa yalikwisha kumdokeza kuwa kikosi kikubwa kinakuja kutoka India. Juu ya hapo, Kapteni Caulfeild wa manowari ya Fox akatangulia kuuarifu mji kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamevunjwa. Wajerumani wakapata muda wa kuwashusha askari wao kwa reli ya Usambara, ambayo ilikuwa imefika Moshi miaka michache tu kabla ya hapo.

Kilichofuata kinajulikana hata kwa wasiosoma historia, kwa sababu ya nyuki waliowavamia askari katikati ya mapigano. Watetezi wapatao 1,000 waliwarudisha baharini watu waliowazidi mara nane. Tarehe 5 Novemba Waingereza walipanda meli zao wakiacha nyuma bunduki kwa mamia, bunduki za rashasha 16 na risasi karibu 600,000. Nisitie chumvi: hakuna barua iliyoshinda vita vya Tanga. Aitken alikataa kupeleleza mji vizuri, watu wake walishuka wakiwa hoi baada ya safari ndefu ya bahari, na wengi wao hawakuwa wamefanyiwa mazoezi ya kutosha. Lakini jambo lenyewe linaonekana wazi. Mtu mmoja akiandika kwao kwamba “tunapelekwa Afrika Mashariki”, barua hiyo ikianguka pasipotakiwa, kazi ya wapelelezi kumi imefanyika bure.

Ndiyo maana katika vita ile Waingereza walianzisha ofisi za kukagua barua. Iliyo maarufu zaidi ilikuwa Ufaransa, huko Boulogne, ambako afisa aitwaye E. B. Howell na wasaidizi wake walisoma barua za askari wa Kihindi zilizoandikwa kwa Kiurdu, Kipunjabi na lugha nyingine. Askari hao hawakuwa wajinga. Walijua wanasomwa, basi wakabuni mafumbo. Fumbo lililopata sifa ni la pilipili: pilipili manga walikuwa askari wa Kihindi, pilipili nyekundu walikuwa Waingereza. Mtu akiandika kwao kwamba pilipili manga imekwisha na sasa inatumika nyekundu, jamaa wa Punjab walielewa kwamba wenzao wengi wameanguka na sasa zamu ni ya wazungu. Wakaguzi nao waliling'amua, wakalinakili kwenye taarifa zao, ndiyo maana sisi leo tunalijua.

Hapa pana kinyume kimoja cha kufurahisha. Mkaguzi aliyewekwa kuziba maneno ndiye aliyeyahifadhi. Barua nyingi za askari wale zilipotea katika nyumba za udongo na mafuriko ya miaka mia moja, lakini vipande alivyovitafsiri mkaguzi vimebaki kwenye majalada ya serikali, vimepigwa chapa na kutiwa tarehe.

Upande wa pili wa bunduki

Askari Waafrika wa jeshi la Mjerumani walikuwa na hali tofauti, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Wanauliza: barua zao ziko wapi? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba familia zilikuwa pamoja nao. Askari wa jeshi lile alikuwa na mke na watoto kwenye kambi ya boma, na vita vilipokuwa vya kuhamahama wanawake walifuata msafara, wakapika, wakabeba vyombo, wakazaa njiani. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, nyuma ya askari wake zaidi ya 1,100 palikuwa na wapagazi na wanawake waliotembea nao hadi Msumbiji na kurudi. Mtu hamwandikii mkewe aliyelala kibanda cha pili.

Kuandika kwenyewe hakukuwa kugeni Tanga. Shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwepo hapa tangu miaka ya mwanzo ya 1890, ikitoa makarani, walimu na maakida wenye hati nzuri, na gazeti la Kiongozi lilipigwa chapa hapahapa kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, mtu wa Tanga, Pangani au Bagamoyo aliyepita chuo cha Kurani aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu bila shida yoyote. Tatizo ni kwamba katika vita, kujua kuandika kuligeuka kuwa sababu ya kushukiwa. Wajerumani waliwakamata walimu na wafuasi wa misheni ya Kiingereza ya UMCA iliyokuwa na makao Magila, karibu na Muheza, wakiwashuku kuwapasha habari Waingereza. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, ambaye baada ya vita alikuja kuwa karani mkubwa wa serikali hapa Tanga na mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika mwaka 1922. Hatia kubwa ya watu wale ilikuwa kwamba waliweza kuandika barua kwa upande usiotakiwa.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa na woga huo tangu zamani. Mwaka 1908 ilizagaa pwani ya kusini, Lindi na kwingineko, barua iliyosemekana imetoka Makka, ikiwaonya Waislamu kwamba siku ya mwisho inakaribia. Watu waliinakili na kuipitisha mkono kwa mkono, na maafisa wakaingiwa na hofu ya uasi kwa ajili ya karatasi moja.

Kufikia 1915 posta ya koloni ilikuwa imebanwa koo. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na barua za kwenda Ujerumani zililazimika kupitia njia za wasiohusika na vita, hasa Msumbiji ya Wareno, mpaka Ureno nayo ilipoingia vitani Machi 1916. Hata stempu zilikaribia kwisha. Hapo ndipo misheni ya Vuga, juu kule Usambara, ilipopewa kazi ya kuchapa stempu za dharura kwa mashine yake ya vitabu vya dini: za heller 2½, za heller 7½ na za rupia moja. Kabla hazijatumika, meli iitwayo Marie ikapenya kizuizi cha Waingereza na kufika Sudi, kusini, ikiwa na shehena ya vita na stempu mpya ndani yake. Zile za Vuga zikazikwa ardhini zisije zikaangukia mikononi mwa adui, na zikafukuliwa mwaka 1921. Leo wakusanyaji wa stempu wanazigombania kwa bei kubwa, stempu ambazo hazikupata kupeleka barua hata moja kwa mama wa mtu. Waingereza waliichukua Tanga Julai 1916, na Bagamoyo tarehe 15 Agosti mwaka huohuo.

Wapagazi nao hawakuacha barua. Maelfu kwa maelfu waliochukuliwa kubebea majeshi ya pande zote walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, na nyumbani habari zao zilifika kwa mdomo wa mwenzao aliyerudi, kama alirudi.

Karani, afisa na posta isiyo na jina la mji

Barua ambazo familia zetu bado zinazo ni za vita vya pili. Tanganyika ilitoa askari wapatao 87,000 kati ya 1939 na 1945. Walipelekwa Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na mwishowe wengi wakavushwa bahari hadi Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Burma wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru. Batalioni za 26 na 36 za KAR, zilizokuwa za Tanganyika, zilikuwa humo.

Sasa mfuate askari mmoja anayetaka kuandika nyumbani. Kwa mama yake anazungumza Kidigo, Kibondei, Kisambaa au Kizigua. Lakini barua ataiandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya jeshi, ndiyo lugha aliyofundishiwa kusoma, na ndiyo ambayo afisa wake anaweza kuikagua papo hapo. Barua ya lugha nyingine ilibidi ingojee mtu wa kuisoma, na barua ya herufi za Kiarabu vilevile. Mtu mwenye haraka alifuata njia fupi.

Kama hajui kuandika, anamwendea karani wa kombania au rafiki aliyesoma. Rafiki huyo ana mtindo wake, na mtindo huo ni wa shule na wa chuoni: ama baada ya salamu, nakuarifu ya kuwa, hofu yangu ni juu yenu. Askari anasema “waambie nimechoka”, karani anaandika “mimi ni mzima wa afya”. Hakukusudia kudanganya, kwani barua ilikuwa na adabu zake kama ilivyo hodi mlangoni, na hakuna aingiaye nyumba ya watu akaanza kwa kulia. Ukiwa na barua kadhaa za mtu mmoja, zitandike mezani kwa tarehe uangalie mkono. Mara nyingi za mwanzo zina hati nyembamba ya karani, iliyolala upande mmoja. Za mwisho zina herufi kubwa zilizosimama kila moja peke yake, kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Hapo ndipo jeshi lilipokwisha kumfundisha kusoma na kuandika, na hapo ndipo huyo mzee unamsikia yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Ghafla maneno ya mapambo yanapungua na mambo yanaanza.

Kisha afisa. Barua hupelekwa kwake ikiwa wazi, anaisoma, anakata au anafuta jina la mahali, jina la kikosi, idadi ya watu, habari za meli. Anatia saini pembeni au kwenye bahasha, inapigwa muhuri wa mkaguzi. Maafisa wengine walikuwa wakali na wengine walipitisha macho tu, maana fikiria wewe mwenyewe umekaa kwenye hema lililolowa na rundo la barua mia zinazoulizia mbuzi. Huko nyuma, kwenye vituo vikubwa, wakaguzi wengine walifungua baadhi ya barua tena, na kutokana nazo wakaandika ripoti kuhusu ari ya askari: wanalalamikia nini, chakula, mshahara, likizo, wake zao. Kama ilivyokuwa kwa Wahindi wa 1915, kuna malalamiko ya askari wa Afrika Mashariki ambayo leo yanasomeka tu kwa Kiingereza cha mkaguzi, bila jina la aliyeyatoa.

Bahasha ndiyo inayofichua haya yote, na ndiyo ambayo watu huitupa. Muhuri wa posta ya kijeshi hauna jina la mji bali namba, kwa sababu jina la mji ni siri. Anwani ya askari nayo ni namba yake, jina, kikosi, na alama ya jeshi la Afrika Mashariki, basi. Mama wa Tanga aliweza kumwandikia mwanawe miaka miwili mfululizo bila kujua yuko nchi gani. Pale penye stempu pakikatwa na mkasi, mara nyingi ni mtoto wa nyumba aliyekuwa akikusanya stempu, na pamoja nayo tarehe imekwenda.

Kufika Tanga si kufika nyumbani. Watu wachache sana walikuwa na sanduku la posta. Barua ilipitia kwa mwajiri, kwa misheni, kwa mwalimu, kwa Mhindi mwenye duka, kwa jumbe, au ilingoja posta mpaka mtu wa mtaa apite akaulize. Wenye mashamba ya mkonge walipokea barua za watu wao kwa mafungu, kwani miaka hiyo mkonge wenyewe ulikuwa silaha: baada ya Japani kuteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, kamba za dunia ya Waingereza zilitegemea Tanga, na serikali ikawalazimisha watu kufanya kazi mashambani kama ilivyowalazimisha wengine kuingia jeshini. Kaka yuko Burma, mdogo wake yuko kwenye mkonge, na barua ya mmoja inasomewa mwingine siku ya mapumziko.

Tuisome moja

Barua hii nimeitunga mwenyewe kwa mtindo uliozoeleka, ili nisianike ya mtu:

“Kwa kaka yangu mpenzi. Salamu sana. Ama baada ya salamu, nakuarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni juu yenu. Barua yako ya tatu nimeipata, ya pili sikuiona. Huku mvua ni nyingi mno. Nisalimie Mama, nisalimie Shangazi na wanawe wote, nisalimie Mwalimu na jamaa wote wa barazani. Mwambie mama Saidi nimeleta shilingi, akaulize bomani. Na ile minazi ya Pongwe isiuzwe wala isiwekwe rehani hata mmoja mpaka nirudi, na Shangazi analijua jambo hili. Sina zaidi. Ni mimi nduguyo.”

Msomaji wa haraka ataona hakuna kitu. Tuanze na mpokeaji. Hakumwandikia mkewe, amemwandikia kaka yake. Barua itasomwa mbele za watu, na mume mwenye haya hamwiti mkewe mpenzi mbele ya wakwe na majirani. Basi mapenzi yake ameyaweka kwenye shilingi. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ikatwe na kulipwa kwa mtu wake nyumbani kupitia ofisi ya wilaya. Sentensi “mwambie mama Saidi akaulize bomani” ndiyo yenye joto kuliko zote humu. Tena ameitamka ili kaka asikie kwamba fedha hiyo ina mwenyewe, na mama Saidi asikie kwamba ipo.

“Ya pili sikuiona” ni hesabu ya barua zilizopotea. Watu walitia namba kwa sababu mifuko ya posta ilizama, iliungua, ilisahauliwa bandarini. Mvua nayo. Katika mvua za monsuni za 1944 huko Burma, Divisheni ya 11 ilikuwa ikiteremka bonde la Kabaw, magari yakizama kwenye matope, malaria na homa iletwayo na utitiri wa msituni zikiwalaza watu pamoja na risasi za Wajapani. Desemba waliuchukua mji wa Kalewa, na hapo likatandazwa juu ya mto Chindwin daraja la chuma lenye urefu wa mita zipatazo 350, refu kuliko yote ya aina yake kwa wakati huo. Mtu aliyevuka daraja lile hakuruhusiwa kulitaja. Alichoruhusiwa kusema ni kwamba mvua ni nyingi, na akaongeza “mno”.

Orodha ya salamu usiiruke. Linganisha ya barua hii na ya barua iliyotangulia. Jina lililopanda juu, lililoshuka, lililotoweka: pana ugomvi, pana msiba, pana ndoa iliyovunjika. Mtu aliyefariki huondoka kimya kwenye orodha, na barua inayofuata inakuwa na “tumuombee” tu bila maelezo, kwa kuwa waliokuwa wakisikiliza hawakuhitaji kuelezwa.

Halafu minazi, ambayo vijana huicheka. Pwani yetu mnazi una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine. Mtu huweza kurithi minazi mitano kwenye shamba la mjomba, akaiuza, akaiweka rehani, na mwenye shamba asiwe na la kusema. Mwanamume aliyeondoka miaka minne bila kujulikana kama yu hai ana sababu ya kuogopa ndugu zake kuliko Wajapani. Angalia alivyofanya: amewasalimia Mwalimu na jamaa wa barazani, amemtaja Shangazi kuwa anajua. Amewaita mashahidi. Barua itakaposomwa kwa sauti, watu kumi watakuwa wamesikia kwamba minazi ya Pongwe haiuzwi, na karatasi yenyewe, yenye muhuri wa jeshi na saini ya afisa wa kizungu, imekuwa hati. Kile tunachokiona kama kukosa faragha, yeye alikitumia.

Alimtumia hata mkaguzi. Askari waliwaendea maafisa wao wawaandikie Mabwana Shauri: mke wangu amechukuliwa, shamba langu limeingiliwa, fedha haikufika. Ofisi za wilaya Tanganyika nzima zililemewa na barua za namna hiyo, na maafisa wengine walinung'unika kwamba vita vimewageuza mawakili wa ndoa. Kuna ambao hawakuridhika na boma wakayapeleka ya kwao magazetini. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, lilikuwa na desturi ndefu ya kuchapa barua na mashairi ya wasomaji, na mtu aliyetaka kusikika na nchi nzima alijua pa kuandikia.

Zisipofika

Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Habari za maafa kama hayo hazikutangazwa papo hapo, na barua zilizokuwa melini zilizama na wenyewe. Kwa nyumba iliyokuwa ikingoja, hakukuwa na tofauti ya kuonekana kati ya mfuko wa posta uliochelewa na mtu aliyekufa. Taarifa rasmi ikija, ilipitia bomani na kwa jumbe, na ilikuja na maswali ya mirathi: nani mrithi, nani mlezi wa watoto. Hapo barua za zamani zilitolewa tena sandukuni, safari hii kuonyeshwa serikalini kama ushahidi kwamba mama Saidi ndiye mke aliyetajwa.

Kufikia vita vya Kagera, 1978 na 1979, mambo yalikuwa yamebadilika. Kampeni za elimu ya watu wazima zilikuwa zimepita, askari wengi waliandika wenyewe na wake wengi walisoma wenyewe, na Radio Tanzania ilileta habari za mapigano sebuleni kabla ya posta. Mke akaanza kuandikiwa moja kwa moja, na kwa jina lake. Ukaguzi na anwani za namba viliendelea, maana hakuna jeshi lisilolinda mahali lilipo.

Kinachosumbua zaidi wanaotaka kuzisoma barua hizi ni kwamba tunayo nusu tu ya mazungumzo. Barua za kutoka Tanga kwenda Burma karibu zote zimepotea. Askari aliyelala kwenye handaki lenye maji hakuwa na mahali pa kutunza karatasi, na wengine waliamriwa wasiende mbele na barua mfukoni, adui asije akazipata kwenye maiti. Kwa hiyo sauti ya mama, ya kaka, ya mama Saidi mwenyewe, inabidi kuitafuta ndani ya majibu: “uliyosema kuhusu mtoto nimeyafahamu”, “usiwajali hao wanaosema maneno”. Kila jibu lina swali lililotumwa wiki nyingi kabla yake, na ukiyapanga majibu kwa tarehe unaweza kuyarudisha maswali moja moja. Pengine palipo na nusu ya pili ni kwenye majalada ya wilaya, pale ambapo mke alikwenda bomani kueleza upande wake na karani akauandika. Ukiwa na barua ya babu inayomlalamikia mtu kuhusu fedha au shamba, tarehe yake na jina la kikosi ndivyo vya kwenda navyo kwa watunza kumbukumbu, na bahasha uichukue pia.